Bibi Shamba Anajibu: Maua ya Rangi Mbili Kwenye Majaruba ya Bahi

SWALI: Mbukwenyi Bibi Shamba, na shikamoo. Mimi ni kijana wa Bahi, nalima mpunga ekari mbili. Mwaka huu mvua zilichelewa, kisha zikaja kwa mkupuo, na sasa majaruba yangu yamejaa mmea unaoelea usio na mizizi. Juu ya maji unatoa ua dogo. Jaruba la juu maua ni ya njano, jaruba la chini ni meupe yenye mistari ya zambarau. Chini ya ua kuna vitu kama vidole vilivyojaa hewa. Shemeji yangu anasema ni mmea mmoja, ukizeeka unapauka. Mimi nasema ni mimea miwili. Tumebishana hadi tukawekeana dau la debe la mpunga. Halafu mzee mmoja katuambia mmea huu unakula wadudu, hapo nikashindwa kuamini. Utuamue, na utuambie kama unanyonya mpunga kama kiduha kinavyonyonya mtama.

JIBU: Marahaba mwanangu, mbukwa. Debe la mpunga ni lako.

Barua yako niliisoma Jumatano jioni nikiwa kibarazani kwangu Nkuhungu, na Jumamosi alfajiri nilikuwa stendi nimepakata beseni jeupe, lenzi ya mkononi na rula ya shule. Kutoka Dodoma mjini hadi Bahi ni kilomita 50 na kitu, safari ya asubuhi moja. Kwa kuwa hukuandika kitongoji chako, niliomba ruhusa kwa mama mmoja aliyekuwa anapalilia karibu na reli, nikaingia kwenye majaruba yake. Mimea yote miwili niliikuta pale, hatua kama thelathini kutoka mmoja hadi mwingine. Ugani nimeshastaafu, lakini watu wawili wakibishana juu ya mmea walioushika kwa mikono yao wenyewe, mimi sikai nyumbani.

Wenye maua ya njano ni *Utricularia stellaris*. Wenye maua meupe yenye mistari ya zambarau ni *Utricularia inflexa*. Ni ndugu wa karibu sana, jenasi yao ni moja, lakini ni spishi mbili. Neno *Utricularia* limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiriba kidogo, kile kifuko cha ngozi cha kubebea maji. Mimi huiita mimea ya vibofu, na hapa tuiite hivyo.

Ila shemeji yako usimcheke. Wazo lake liliwahi kushikwa na bingwa. Peter Taylor wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ambaye sidhani kama kuna mtu wa zama zake aliyeijua mimea ya vibofu kumzidi, mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliihesabu *stellaris* kuwa ni namna tu ya *inflexa*. Hakuacha kuichunguza. Alipotoa kazi yake kubwa mwaka 1989, iliyoeleza spishi 214 za dunia nzima, alikuwa ameshazitenganisha mbili hizo. Kwa hiyo mmebishana jambo ambalo wenye maabara nao lilishawasumbua. Mpe shemeji heshima yake, kisha chukua debe lako.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu umeshinda dau kwa ushahidi ambao siku nyingine utakuangusha. Wewe umetazama rangi ya ua. Ua la *stellaris* ni la njano, hilo halina shaka. Lakini la *inflexa* si jeupe kila mara. Kuna mahali huwa na umanjano, kuna mahali huwa na uzambarau mwingi hadi ukashangaa. Ukikutana na *inflexa* ya umanjano ukaamua kwa rangi, debe linakwenda kwa shemeji.

Tazama boya. Hivyo ulivyoviita vidole ni maboya ya kulishikilia shina la ua lisimame juu ya maji. Yamelizunguka shina kama njiti za gurudumu la baiskeli. Nililipasua moja kwa wembe: ndani kuna nyama nyepesi yenye matundu ya hewa, kama sifongo. Boya la *inflexa* ni refu, jembamba, limechongoka huku na huku kama bamia changa. Boya la *stellaris* ni fupi na limetuna katikati, ukilitazama utasema punje ya karanga, na kwenye ncha yake mara nyingi hubaki vijinyuzi vya jani. Siku ile niliyapima pale pale kwenye tuta: ya *inflexa* yalifika sentimita 3, ya *stellaris* sentimita 1 na kidogo. Ukiyaweka mawili kiganjani, hata mtoto wa chekechea atakwambia hili si lile.

Kabla mmea haujatoa ua, maboya hayo hayapo. Unakuta nyuzi tu za kijani zinaelea chini kidogo ya uso wa maji, na hapo mimi mwenyewe sitii dau. Nasubiri ua.

Nasisitiza boya kwa sababu nilishapotea. Nilipokuwa bado binti kazini, niliokota mmea wa namna hii kwenye dimbwi la mvua, nikaufurahia, nikaukandamiza ndani ya magazeti kama tulivyofundishwa, nikauweka kabatini. Miezi ikapita. Nilipompelekea mwalimu wangu wa mimea, aliufungua, akautazama kwa muda mrefu, akaniuliza swali moja: "Boya lilikuwaje likiwa hai?" Sikuwa na jibu. Magazeti yalikuwa yameyabana maboya yakawa bapa kama utepe, na ua lilishageuka kahawia. Sikuwa nimeandika neno lolote. Mmea ule hadi leo hauna jina, na najua ulikuwa mmoja wa hawa wawili. Tangu siku ile rula haitoki kwenye mkoba wangu.

Sasa tuje kwa mzee wenu. Amesema kweli tupu. Mimea hii inakula wanyama, na inawala kwa mtego ambao, nikisema kwa moyo wangu wote, ni kitu cha ajabu kuliko vyote nilivyowahi kuona ndani ya maji ya Dodoma.

Fanya hivi. Chota maji ya jaruba lenyewe kwenye beseni jeupe, kisha weka humo tawi moja bila kulivuta kwa nguvu. Subiri tope litulie. Utaona kwenye zile nyuzi kuna vifuko vidogo, vingine saizi ya kichwa cha pini, vingine vikubwa kidogo. Hivyo ndivyo vibofu. Vilivyo vitupu vinapitisha mwanga kama kioo. Vilivyokula vina weusi ndani. Weka lenzi: kila kibofu kina umbo la harage, na upande mmoja kina kilango kilichozungukwa na manyoya marefu yaliyoelekea nje kama mabua ya kumwelekeza ng'ombe zizini. Kwenye kilango chenyewe kuna vinywele vichache vigumu.

Kibofu kinafanya kazi muda wote hata kama huoni. Kuta zake, zenye unene wa seli mbili tu, zinasukuma maji nje kidogo kidogo hadi mashavu yake yanabonyea. Chukua chupa tupu ya maji ya plastiki, iminye mbavu, uzamishe mdomo wake majini, kisha iachie ghafla. Maji yanakimbilia ndani, sivyo? Kibofu ni chupa hiyo iliyokwisha kuminywa, inasubiri tu kuachiwa. Kiroboto-maji akipita akagusa kinywele, kilango kinafunguka, mashavu yanarudi nje, maji yanaingia na mdudu wake, kilango kinafunga. Yote hayo hayafiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Watafiti wa Ufaransa walioupiga picha mtego huu kwa kamera za kasi na kutoa matokeo mwaka 2011 walikuta maji yanayoingia yanaongeza kasi kufikia mara 600 ya ile ya kitu kinachoanguka chini. Baada ya hapo kibofu kinaanza tena kusukuma maji nje, na katika dakika kama 15 hadi 30 kinakuwa tayari kwa mwingine. Ndani, tezi ndogo zinatoa vimeng'enya vya kumyeyusha aliyeingia.

Kwa macho hutauona mdomo ukifunguka, hata ukodoe namna gani. Lakini unaweza kuusikia. Niliutoa mmea majini polepole, nikausogeza sikioni. Unatatarika: ta, ta-ta, ta, kama mafuta ya mwisho kwenye kikaango kilichokwisha kuepuliwa. Ni vile vibofu, vimeguswa vikiwa hewani, vinanyonya hewa badala ya maji. Nilimpa yule mama wa majaruba asikilize. Alinyamaza, akausikiliza tena, kisha akamwita mwanawe.

Charles Darwin mwenyewe mtego huu ulimpita. Mwaka 1875 aliandika kwamba wanyama wadogo wanajisukumia ndani wenyewe kwa kichwa. Aliyeona sawa ni mwanamke wa New Jersey, Marekani, Mary Treat, aliyekaa na hadubini yake saa nyingi nyumbani akiwatazama viluwiluwi wakinaswa, akasema hapana, wanavutwa. Namtaja kwa sababu wasomaji wangu wengi ni akina mama wanaodhani uchunguzi lazima ufanyike chuoni.

Kwa nini mmea wa kijani wenye jua la kutosha ule nyama? Jua unalo, naitrojeni na fosforasi hauna. Hauna mizizi ya kutafuta chakula ardhini, na mara nyingi maji unayokaa ni maskini wa virutubisho. Kwa hiyo unavichukua kwenye miili ya wadudu. Ndiyo maana pia utaona majaruba yaliyomwagiwa mbolea nyingi ya chumvi, maji yakawa ya kijani kwa mwani, mimea hii mara nyingi hupungua, maana mwani unaifunika na kuinyima mwanga.

Kuhusu mpunga, kaa kwa amani. Kiduha kinajichomeka kwenye mzizi wa mtama na kula jasho la mwenzake, ndiyo maana mtama unadumaa hata kabla kiduha chenyewe hakijachomoza juu ya ardhi. Mmea wa vibofu hauna cha kujichomeka. Unaelea peke yake na hauushiki mpunga hata kidogo. Ukisongamana sana wakati miche bado midogo unaweza kuikinga jua, hapo ondoa kwa reki kiasi. Usimwage dawa ya magugu kwa ajili yake. Dawa ni hela, na hapa hakuna adui wa kuipigia.

Mvua zikiisha na majaruba kukauka, mimea yote miwili itakufa mbele ya macho yako, itabaki kama nyuzi za kijivu juu ya tope lililopasuka. Mbegu zinabaki humo. Msimu ujao utaikuta tena, na nakuomba usimwite shemeji kubishana kabla hujapima boya.

Jambo moja la nje kidogo, lakini limenikaa moyoni. Mtu wa kwanza kuupa *inflexa* jina la kitaalamu alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule bingwa wa Sweden wa kuipa mimea majina ya kitaalamu, aliyesafiri Misri na Uarabuni kukusanya mimea. Kitabu chake chenye jina hilo kilitoka mwaka 1775, lakini yeye hakukiona. Alifariki Yemen mwaka 1763, kijana wa miaka 31, kwa malaria. Mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr, ndiye aliyezichapisha kazi zake. Nilipokuwa nimesimama kwenye tope la Bahi, nikimtazama kiluwiluwi cha mbu akihangaika ndani ya kibofu, nilimfikiria kijana yule.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, kwa hiyo nina mapipa matatu na ndoo nyingi. Mbu wanatumaliza. Nimesikia kwa jirani kuwa kuna mmea wa majini unaokula viluwiluwi vya mbu. Nikiuweka kwenye mapipa utanisaidia?

JIBU: Dada yangu, pole na mgao, tuko wote. Jirani yako amesikia vizuri, lakini usiuweke kwenye maji ya kunywa wala ya kupikia.

Ukweli ni huu. Mimea hii inakula viluwiluwi, hasa vile vichanga ambavyo bado ni vyembamba. Huko Marekani wamejaribu ndugu yake mwingine, *Utricularia macrorhiza*, kwenye vyombo vyenye viluwiluwi vya mbu aina ya Aedes, wale weusi wenye madoa meupe wanaouma mchana na kueneza dengi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2020: ndani ya siku 5 karibu viluwiluwi vyote vilikuwa vimekwisha. Ni habari njema na nilifurahi sana kuisoma.

Lakini pipa lako si chombo cha maabara. Unachota asubuhi, unajaza usiku maji yakitoka, mmea unayumbishwa na kukatika. Maji ya bomba yana dawa. Pipa lenye mfuniko lina giza, na mmea unataka jua. Ukilifunua ili upate jua, umewafungulia mbu mlango. Na mmea wenyewe utautoa wapi? Utautoa dimbwini, pamoja na tope lake, mayai ya konokono na kila kilichojishika humo. Hapo umeleta nyumbani ugonjwa ambao hukuwa nao.

Kwa hiyo fanya hili. Mapipa yafunike kwa mfuniko unaobana, au kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa mpira kuzunguka mdomo. Kila wiki maliza maji ya pipa moja, sugua kuta zake kwa brashi, maana mayai ya Aedes yanaganda pale maji yanapoishia na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa. Kusuuza tu hakutoshi, sugua. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa, hata miezi ya kiangazi. Na kama kuna dimbwi la kudumu mtaani kwenu, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa muulizie kiuatilifu cha kibaiolojia cha viluwiluwi. Kinatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha.

Kama unapenda mmea wenyewe kwa ajili ya kuutazama, uwekee ndoo ya kizamani uani, yenye maji ya mvua, mahali penye jua, mbali na mikono ya mwanao wa mwisho. Hapo nitafurahi, na watoto watajifunza.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili Kongwa. Rafiki yangu anasema mimea inayokula wanyama ipo nchi za nje tu. Mimi nilisoma barua ya zamani kwenye ukurasa wako nikamwambia ipo Tanzania, akanicheka. Pia nataka kujua: ikiwa mkubwa zaidi, inaweza kumeza kidole cha mtu?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mwambie rafiki yako ipo, na kama mvua zimekuwa nzuri haitakulazimu kwenda mbali na Kongwa kuitafuta. Angalia madimbwi yaliyotulia, yasiyo na matope ya mifugo, kati ya Februari na Aprili. Zaidi ya mimea ya vibofu, nyanda za juu kusini tuna mimea ya jenasi *Drosera*, ambayo majani yake yana matone ya ulimbo yanayong'aa kama umande, na inzi akitua haondoki.

Kidole chako kiko salama. Kibofu kikubwa kuliko vyote vya jenasi hii kinafikia kama sentimita moja tu, na hivyo vyetu ni vya milimita chache. Chakula chake ni viroboto-maji, viluwiluwi vidogo na viumbe ambavyo bila hadubini huvioni.

Sasa nikupe jambo la kumwambia mwalimu wako wa baiolojia. Kuna spishi iitwayo *Utricularia gibba*, na hapa Afrika Mashariki ipo. Mwaka 2013 watafiti, wengi wao wa Mexico na Marekani, walitangaza kuwa wamesoma DNA yake yote. Ina herufi milioni 82 hivi. Mwanadamu anazo kama bilioni 3. Lakini ukihesabu jeni, yaani zile sehemu zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini, mmea huu una takribani 28,500, wakati sisi tunazo karibu 20,000. Maana yake mmea umetupa karibu kila kitu kilichokuwa kimejaa katikati ya jeni zake, na bado unaishi, unatoa maua na unawinda. Muulize mwalimu: hiyo mizigo mingine yote tuliyonayo sisi ni ya nini? Swali hilo wataalamu wenyewe bado wanalijadili kwa nguvu.

Na sharti moja, mjukuu. Usiingie dimbwini miguu mitupu. Kichocho kinakaa kwenye maji yaliyotulia yenye konokono, na kinaingia kwa kupenya ngozi, hakihitaji kidonda. Vaa mabuti ya mpira, au simama ukingoni uvute kwa fimbo yenye ndoana. Mwaka 1970 kulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba vibofu vya mimea hii, maabara, vinawanasa hata vijidudu vya kichocho wakiwa majini, wale wanaotafuta konokono na wale wanaotafuta mtu. Ulinistaajabisha, na umewastaajabisha wengi. Lakini dimbwi lenye mmea huu usilihesabu kuwa limesafishwa. Mabuti, mjukuu wangu.

SWALI: Kwetu Kondoa kuna mmea kama huo bwawani, maua ya njano, lakini nimetafuta hayo maboya yako sijayaona. Ni *stellaris* iliyopoteza maboya?

JIBU: Hapana. Kama shina la ua limechomoza bila boya hata moja, na nyuzi zake ni laini kama nywele zilizosokotana, fikiria kwanza *Utricularia gibba*, yuleyule niliyemwelezea mwanafunzi wa Kongwa. Ana tabia ya kujisuka ukingoni kwenye maji ya kina kifupi hadi anakuwa kama mkeka, na shina lake la ua, kwa kuwa ni fupi na jepesi, halihitaji boya la kulisimamisha. Yupo karibu kila bara lenye joto. Lakini njano ziko nyingi, kwa hiyo nitumie mmea wenyewe.

Na hili ni kwa wote mnaotaka kunitumia, kwa sababu mwezi uliopita nilipokea bahasha mbili zenye kitu kama mlenda uliokauka. Mmea wa maji haukaushwi kwa kushikwa na kutandazwa kwa vidole, nyuzi zinanatana. Weka maji safi kwenye sinia. Zamisha karatasi nyeupe ngumu chini, uache mmea uelee juu yake, utandaze kwa kijiti, kisha inua karatasi taratibu kwa kuiinamisha upande mmoja maji yachuruzike. Nyuzi zitabaki zimejitandaza zenyewe. Funika kwa kitambaa chepesi cha pamba, weka kati ya magazeti, juu yake tofali. Magazeti yabadilishe kila siku hadi pakauke kabisa, vinginevyo ukungu unakuwahi.

Kabla ya tofali, chukua kalamu ya risasi uandike pembeni ya karatasi: mahali, tarehe, kina cha maji, rangi ya ua likiwa hai pamoja na mistari yake. Kisha weka rula, andika boya lina urefu gani na unene gani katikati, na yako mangapi.